Maziwa hayazuii moshi wa welding

Jamani ile meseji ya magrupu eti ukikata paipu ya galvanaizi (chuma kilichopakwa zinki) kwa mashine ya welding kunywa maziwa kwanza moshi haukudhuru, tuacheni kuiforwadi. Maziwa yaenda tumboni, moshi waingia mapafuni. Zinki huchemka kwa digrii 907, chuma chayeyuka karibu 1,500, kwa hivyo kabla rodi haijapenya zinki ishakuwa ule moshi mweupe, na kukata kwataka ampea nyingi, moshi wazidi. Watu huchanganyikiwa kwa sababu ile homa ya kutetemeka impatayo usiku aliyevuta moshi huo yaisha yenyewe siku moja mbili, sifa wapewa maziwa. Waulizeni mafundi wa Changamwe kama aliyekunywa hakutetemeka. Kata nje, upepo ukupige ubavuni, uvae maski yenye filta ya moshi wa chuma.