Nywele Kupungua Ukiwa na Miaka Arobaini na Kitu: Kabla Hujanunua Kichupa

Siku ya Ukomo wa Hedhi Duniani huadhimishwa tarehe 18 Oktoba, na kila inapokaribia, dawati letu la malalamiko hapa Uganda hupokea nywele. Si mafumbo: watu hutuletea nywele zenyewe ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Safari hii wamekuja wengi kuliko kawaida, karibu wote akina mama wa miaka arobaini na kitu, na kisa ni kilekile. Njia ya katikati ya kichwa imepanuka, msusi amependekeza matone fulani, matone yamenunuliwa soko la Owino, Kampala, au kwa mtu wa WhatsApp, ngozi imewaka moto, na sasa mama anauliza serikali iko wapi. Serikali ipo, nitaifikia. Tuanze na kichwa chenyewe.

Miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma kabisa, estrojeni hupanda na kushuka bila ratiba na mwishowe hupungua. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo, hubaki bila mpinzani wa kutosha. Muda wa unywele kukua hufupika, kinachoota upya huwa chembamba kuliko kilichotangulia, mafuta ya ngozi hupungua na nywele hukauka na kukatika. Upungufu huonekana zaidi utosini na kwenye njia. Mstari wa mbele kwa kawaida hubaki mahali pake. Wakati huohuo kidevuni huchomoza nywele mbili tatu ngumu. Hii si laana, si jini, wala si adhabu ya kutumia uzazi wa mpango. Nalazimika kulisema kwa sababu barua zinazodai hivyo bado zinakuja.

Kuhusu uzazi wa mpango lipo jambo moja la kweli. Anayechoma sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa bila hedhi kwa sababu ya sindano hiyo, asitambue kwamba mwili umeanza safari nyingine. Kupungua kwa nywele nako kumo katika orodha ya athari zake. Amtajie mhudumu, lakini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe: mwanamke wa miaka 46 bado anaweza kushika mimba.

Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyesuka rasta akakaa nazo wiki sita, siku ya kufumua atashika bonge, na humo zinaweza kuwamo nywele elfu mbili na zaidi zilizokwisha kung'oka siku nyingi zikazuiliwa na msuko. Bonge hilo halithibitishi chochote. Piga picha ya njia ya katikati mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule. Picha nne kama hizo zina faida kwa daktari kuliko kaveera.

Kinachonisumbua zaidi kuliko matone ni haraka ya kusema "ni umri tu". Kuna upara wa kovu unaoanzia utosini na kusambaa kama duara, na unawapata zaidi wanawake weusi, mara nyingi katika umri huuhuu. Mwenyewe husikia muwasho, kuungua au maumivu anapoguswa utosi, ingawa wengine hawasikii kitu. Ngozi hulainika na kung'aa, na ukiangalia kwa karibu huoni tundu la unywele. Tundu likishazibwa na kovu, hakuna mafuta, sindano wala maombi yatakayolifungua. Tiba iliyopo ni ya kuzuia kovu lisiendelee. Kila mwezi unaotumika kujaribu matone ni mwezi wa kovu. Ukiona dalili hizo, usipitie kwetu, nenda moja kwa moja kwenye kliniki ya ngozi. Hospitali ya Mulago, Kampala, ipo, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuelekeza. Kituo kidogo kikiwa na afisa tabibu wa ngozi, mwamini. Wengi wa Afrika Mashariki wamefunzwa kwa kazi hiyohiyo pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania.

Nywele za pembeni, juu ya masikio na kwenye paji, zikikimbia, mtuhumiwa wa kwanza ni mkono wa msusi. Misuko ya biswahili ya kubana mpaka macho yanavutika, weaving iliyoshonwa juu ya nywele zilizowekwa dawa jana yake, wigi ya gundi kila wiki: hayo si ukomo wa hedhi. Msuko ukihitaji panadol usiku, umebanwa mno. Fumua.

Kisha kuna damu. Hedhi ya kipindi hiki kwa wengine huja nzito, ikidumu siku nyingi, na chuma mwilini hupungua polepole. Kipimo cha wingi wa damu cha kituo cha afya daraja la III kinaweza kusoma vizuri huku akiba ya chuma imekwisha. Akiba hupimwa kwa ferritini, ambayo kwa kawaida utaipata hospitali kubwa au maabara binafsi. Tezi ya thairoidi pia ipimwe. Kaswende nayo hunyofoa nywele kwa mabaka, kwa hiyo mhudumu akipendekeza kipimo chake, hajakutukana. Malaria kali, upasuaji, msiba au kukonda ghafla huangusha nywele miezi miwili mitatu baadaye, na hizo kwa kawaida hurudi zenyewe. Masenga wetu, yaani mashangazi, wanajua mengi, ila ferritini hawaipimi kwa macho.

Sasa kichupa. Kuna kimoja mezani kwangu cha mililita 60. Juu kimeandikwa kwamba ni cha asilia kwa asilimia mia; chini, kwa herufi ndogo, minoksidili asilimia 15. Tarehe ya mwisho wa matumizi ni ya kubandika, na ukibandua karatasi unakuta tarehe nyingine, iliyokwisha kupita. Mwenye nacho anauza vitenge Arua, ana miaka 47 na anatumia dawa za presha. Alikuwa akipaka mara tatu kwa siku juu ya vidonda vilivyoachwa na dawa ya kunyoosha nywele. Usiku moyo ulimwenda mbio, kichwa kikizunguka, akadhani ni lile joto la ghafla la ukomo.

Minoksidili ni dawa halali na inasaidia wengi ambao nywele zao zimepungua kwa sababu ya homoni. Kwa wanawake vipimo vinavyotambulika ni asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi, jambo la kawaida. Matokeo hupimwa baada ya miezi minne hadi sita, na ukiacha, ulichopata hupotea. Haitumiki kwa mjamzito wala anayenyonyesha, haipakwi juu ya kidonda, na mwenye shida ya moyo au presha aulize kwanza. Vidonge vya bayotini, aina ya vitamini, navyo havijathibitika kumsaidia asiye na upungufu wake, na vinaweza kuvuruga majibu ya maabara, yakiwemo ya thairoidi. Mwambie mtu wa maabara kabla hajakutoa damu.

Nakuja kwenye taratibu, ambazo watu hupenda kuziruka. Bidhaa inayopamba tu iko chini ya Shirika la Viwango, UNBS. Ya humu nchini iwe na alama yake ya ubora, Q. Ikidai kutibu, ni dawa, na inaingia mikononi mwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, hata kama ni ya mitishamba. Tangazo la dawa linahitaji kibali, nalo la TikTok ni tangazo. Duka dogo la dawa lina leseni ya Daraja C peke yake, yaani dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Krimu kali za steroidi si za kununuliwa bila cheti cha daktari. Kutembeza dawa mkononi, kwenye basi au saluni, ni kosa kwa yeyote, na hapa "nilikuwa namsaidia mteja" si utetezi. Mkaguzi akifika hukamata bidhaa, huorodhesha, pande zote mbili hutia saini, sampuli hupelekwa maabara, na jalada likikamilika huenda mahakamani, ambako kuna faini, kifungo au vyote viwili. Leseni ikiwepo inaweza kusimamishwa au kufutwa. Ndiyo maana hatuwezi "kufunga Owino" kwa sababu ya barua moja, na ndiyo maana siwezi kutaja hapa majina ya bidhaa ambazo uchunguzi wake haujaisha.

Dawa ya kunyoosha nywele ni halali. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kisababishi. Mimi binafsi ningepunguza. Kwa ukavu, moyao, mafuta ya mshea ya kaskazini, inatosha: hulainisha na hupunguza kukatika, lakini haioteshi.

Ndevu za kidevuni zing'oe au zinyoe. Hazitakuwa nene wala kuzaana. Anayejichubua ajue kwamba steroidi zilizomo katika krimu nyingi za magendo huotesha nywele usoni. Ndevu zikija kwa kasi na sauti ikawa nzito, hilo ni la daktari wiki hiyohiyo.

Anayeleta lalamiko alete kichupa chenyewe, boksi lake, risiti kama ipo, picha ya duka au ukurasa wa muuzaji, na maelezo ya siku alipoanza kutumia na dawa nyingine anazotumia. Namba ya toleo ndiyo tunayoitafuta kwanza, kwa hiyo usiibandue. Na tafadhali, kichupa kisioshwe.