Je, wajua kwa nini fonti ya mwandiko wa mkono wakati mwingine inaonekana feki?

Hivi ushawahi kuona kadi ya mwaliko imeandikwa kwa fonti ya mwandiko wa mkono, zile za kuchezacheza, ukahisi kabisa kuna kitu hakijakaa sawa ila hujui ni nini? Mi nilihisi hivyo muda mrefu, nilipokuja kujua sababu sasa kila nikiiona fonti ya aina hiyo macho yanaenda hapohapo.

Chukua neno tafadhali. Liandike kwa kalamu halafu ziangalie zile a tatu kwa karibu, unakuta moja imefunga vizuri, nyingine imeachia uwazi kidogo pale juu, ya mwisho kimkia kimeenda mbali kwa sababu mkono ulishaanza kuwahi l. Mkono ndo ulivyo, haurudii umbo. Sasa fonti ya kawaida ina mchoro mmoja tu kwa kila herufi, kwa hiyo a zote tatu zinatoka pacha, mpaka kale kamkwaruzo ka wino kako palepale, na jicho linashtuka kabla hata hujajua limeshtuka nini. Na Kiswahili kinaziumbua sana hizi fonti, maana maneno yetu yanarudiarudia herufi: baba, kaka, asante sana.

Watengenezaji wazuri wanafanyaje? Wanachora a mbili, tatu au zaidi, wanaziweka zote kwenye faili moja pamoja na maelekezo kwamba ukikuta a nyingine jirani, weka ile ya pili. Mfumo wa OpenType, uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, ndo unaobeba maelekezo ya namna hiyo. Ila kwenye baadhi ya programu mpaka uziwashe mwenyewe hizo herufi mbadala, na watu wengi wanailaumu fonti bure wakati haijawashwa tu.

Wazo lenyewe lilikuwepo kabla. Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitengeneza Beowolf, fonti ambayo kingo za herufi zilikuwa zinabadilika kila ikichapwa, na baadaye wakageuza miandiko yao wenyewe kuwa fonti. Napenda sana kazi yao aisee.

Kuhusu wapi utumie, kumbuka fonti ya Comic Sans ilikotokea: mwaka 1994 Vincent Connare, akiwa Microsoft, aliona mbwa wa katuni kwenye programu anaongea kwa Times New Roman, ile fonti rasmi ya kiofisi, akaona sauti ya mbwa na maandishi haviendani kabisa, akaanza kuchora. Yaani fonti ni sauti. Hii ya kuchezacheza inakaa vizuri kwenye kadi, lebo, kichwa cha bango, kitabu cha watoto. Aya ndefu hapana, inachosha kusoma. Na kama herufi zake zinashikana, usiandike neno zima kwa herufi kubwa wala usitanue nafasi kati ya herufi, maana vile viungo vinakatika na neno linabaki vipandevipande.

Kabla hujaipakua, kwenye kile kisanduku cha kujaribia andika tafadhali kwa saizi kubwa, uzitazame hizo a.