Je wajua: kwanini wazee wakiwa na kesi wanasema wanaenda "bomani"?

Mzee wa Mpwapwa au Kondoa akikwambia kesho asubuhi naenda bomani usidhani anaenda kuhesabu mbuzi, anaenda serikalini, labda kuna shauri la shamba. Lakini si boma ni uzio wa mifugo? Ndio hilo hilo.

Turudi nyuma kidogo. Misafara toka Bagamoyo ilikuwa inapumzika Mpwapwa kujaza maji kabla ya kukatiza nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, na huko watemi walikuwa wanatoza hongo, yaani ushuru wa kupita (ndio neno hilo hilo ambalo leo linamaanisha rushwa na linakupeleka Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, Kiswahili bwana!). Mwaka 1889 watu wa Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, wakashambulia kituo cha kampuni ya Wajerumani hapo Mpwapwa, na Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipofika mwaka huo huo akaweka kituo cha kijeshi. Vituo vya aina hiyo vilijengwa kwa kuogopa kuvamiwa, kuta nene, geti moja, vyumba vinazunguka ua. Kwa Mgogo aliyezoea tembe, nyumba ya udongo inayozunguka ua wenye ng'ombe katikati, hiyo ramani wala haikuwa ngeni, na kwa Kiswahili boma lilikuwa pia ngome ya kuzuia adui, basi jina likanata.

Sasa kesi ziliingiaje humo? Ni kwamba mkuu wa boma alikuwa ndio kila kitu. Anakusanya kodi ya nyumba iliyotangazwa 1897, usipolipa anakusikiliza yeye, anakuhukumu yeye, na lokapu iko hapo hapo uani. Vikao vyenyewe hata Wajerumani waliviita "shauri", na wengi walitoka na hamsa ishirini, viboko 25. Rufaa ungempelekea nani?

Reli ndio ikavuruga mambo. Ilifika Dodoma 1910 lakini Mpwapwa ikaiacha pembeni ikapita Gulwe, na Kilimatinde nayo ikaachwa kule juu treni zikipita Saranda na Manyoni, basi taratibu ofisi zikafuata treni na Kilimatinde, boma kubwa la enzi zile, ikapoa.

Mwingereza alipokuja alihamia humo humo, kuta si zipo. Mwaka 1929 akatunga sheria ya mahakama za wenyeji, machifu wakaamua kesi ndogo barazani kwao, ila rufaa zikarudi kwa DC (mkuu wa wilaya), yaani bomani tena. Mpaka 1963, baada ya uhuru, ndio ikaja sheria iliyounganisha mahakama zote, tukapata mahakama za mwanzo na za wilaya zenye mahakimu wao, na DC akavuliwa ujaji.

Majengo yenyewe hayakukosa kazi. La Arusha la mwaka 1900 ni makumbusho, la Iringa lililoanza kama hospitali ya jeshi likawa ofisi ya serikali na sasa ni makumbusho pia. Jengo lenye vyumba vingi na ua mmoja unaliingiza chochote, mi naona hiyo ndio siri ya kudumu kwake kuliko hata hizo kuta.

Ila DC hajatoka bomani kabisa: kwa sheria ya tawala za mikoa ya 1997 bado anaweza kuagiza uwekwe ndani mpaka masaa 48.