Kijana wa Meno na mraba uliomkwamisha

Mazungumzo ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yanayoitwa Meno yanaanza bila hata hodi. Meno, kijana tajiri kutoka Thessaly, kaskazini mwa Ugiriki, yuko ugenini Athens, na anamuuliza Socrates, mwalimu wa Plato, papo hapo: ubora wa mtu hufundishwa, hupatikana kwa mazoezi, au mtu huzaliwa nao? Socrates anamjibu kwamba yeye hata huo ubora wenyewe haujui ni nini, sembuse kujua kama unafundishika.

Neno la Kigiriki hapo ni arete. Kwa miaka mingi nililifasiri darasani kuwa "fadhila", kisha nikaacha, kwa sababu Wagiriki walisema pia arete ya farasi na arete ya kisu. Farasi mwenye mbio anayo, na kisu kikatacho vizuri kinayo. "Ubora" unakaribia zaidi; na kwa binadamu ni kile tunachokusudia tukimtaja mtu kwamba huyu kweli ni mtu, ana utu.

Meno anaona swali ni jepesi. Ubora wa mwanamume, anasema, ni kuendesha mambo ya mji, kuwafaidi rafiki zake na kuwadhuru adui zake. Wa mwanamke ni kutunza nyumba na kumtii mumewe. Mtoto ana wake, mzee ana wake, mtumwa naye ana wake. Socrates anashukuru kwa bahati yake: ameomba ubora mmoja, amepewa bumba zima la nyuki. Nyuki hutofautiana kwa ukubwa na kwa sura, lakini wote ni nyuki. Basi kitu gani kinachowafanya wote kuwa nyuki? Meno anajaribu tena, na tena. Kila jibu likiulizwa maswali mawili matatu linabomoka.

Hapo Meno analalamika. Anamfananisha Socrates na samaki wa jamii ya taa ambaye ukimgusa mwili unakufa ganzi. Mara nyingi amehutubia watu wengi juu ya ubora, na akajiona amesema vizuri. Sasa ulimi wake mzito, hawezi kusema hata ni nini. Kisha anatoa hoja ambayo wanafalsafa wanaihangaikia mpaka leo: utatafutaje kitu usichokijua kabisa? Na hata ukikiangukia, utajuaje kwamba ndicho? Wasomaji wengi huichukua kama kitendawili cha kuteguliwa. Ni hoja nzito kweli, lakini naomba msomaji aangalie pia inatokea wakati gani. Meno ameishiwa majibu, na hoja hii inampa ruhusa ya kuacha kutafuta.

Socrates anamwita mmoja wa watumwa walioandamana na Meno, kijana ambaye Plato hakumpa jina. Anauliza jambo moja tu kumhusu: anajua Kigiriki? Anajua, amezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Basi Socrates anachora mraba wenye upande wa futi 2. Eneo lake ni futi 4 za mraba. Nataka mraba mwingine, anasema, wenye eneo mara mbili ya huu, yaani 8. Upande wake utakuwa na urefu gani?

Kijana anajibu bila wasiwasi: mara mbili, futi 4. Mchoro unamwonyesha kwamba eneo limekuwa 16. Anapunguza: basi futi 3. Wanahesabu pamoja, inatoka 9. Socrates anamwambia, kama hutaki kuhesabu, tuonyeshe tu ni mstari upi. Kijana anaapa kwa Zeus kwamba hajui.

Nikifundisha sehemu hii huchora ubaoni na kunyamaza. Socrates naye anasimama hapo na kumgeukia Meno. Mwanzoni kijana hakujua, lakini alijiona anajua, akajibu kwa kujiamini. Sasa bado hajui, ila hajioni tena kuwa anajua. Je, ganzi hii imemdhuru? Meno, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akilalamikia ganzi hiyo hiyo, anakiri kwamba haijamdhuru.

Wanaendelea. Socrates anachora ulalo, mstari unaotoka pembe moja ya mraba hadi pembe inayoikabili, na kuukata mraba katika nusu mbili. Kila nusu ni futi 2 za mraba. Mraba uliojengwa juu ya ulalo unazo nusu kama hizo nne, na nne mara mbili ni 8. Jibu ni ule mstari. Urefu wake hauandikiki kwa namba nzima wala kwa sehemu yoyote, yaani namba nzima moja juu ya nyingine. Ndiyo maana kijana asingeupata kamwe kwa kubahatisha futi, na ndiyo maana Socrates alimwambia aonyeshe.

Wapo wanaosema kijana alilishwa majibu, kwa kuwa Socrates ndiye aliyechora ulalo. Nakubali kwamba alimwongoza sana. Lakini yale makosa mawili yalikuwa ya kijana mwenyewe, na hesabu ya zile nusu nne aliiona mwenyewe, kwani hakuna awezaye kuona kwa niaba ya mwenzake. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kijana aliyethibitisha kuwa akili yake inaweza jiometri anabaki mtumwa, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Socrates anasema roho ilikuwa imejua yote kabla ya kuzaliwa, na kujifunza ni kukumbuka. Mimi sishawishiki, na yeye mwenyewe hakubali kuitetea hoja hiyo yote. Anachosema yuko tayari kukipigania kwa maneno na kwa vitendo ni kimoja: tukiamini kwamba yafaa kutafuta tusichokijua, tutakuwa bora, jasiri zaidi na wasio wavivu, kuliko tukiamini kwamba hakiwezi kupatikana.

Baadaye anaketi karibu nao Anytus, mwanasiasa mwenye nguvu mjini. Socrates anauliza kama Meno apelekwe kwa wasofisti, walimu waliotoza ada kufundisha ubora. Anytus anang'aka: watu hao ni uharibifu. Umewahi kukutana na hata mmoja wao? Hapana, wala hataki. Sasa unajuaje? Anajua tu. Socrates anapotaja watu wakubwa wa Athens, kina Themistocles na Pericles, walioshindwa kuwarithisha wana wao ubora wao, Anytus anamwonya: unawasema watu vibaya kirahisi mno, katika mji huu jihadhari.

Mazungumzo yanaisha bila jibu. Socrates anasema hatutajua kwa uhakika ubora unapatikanaje mpaka tutafute kwanza ni nini, kisha anaaga. Anamwomba Meno amtulize Anytus, kwa kuwa akifanikiwa atakuwa amewafaidi Waathens pia. Mwaka 399 KK Socrates, mzee wa miaka 70, alishtakiwa, akahukumiwa kifo na kunyweshwa sumu. Washtaki walikuwa watatu: Meletus, Lycon na Anytus.