Ladha ya Asili Isiyotoka Kwenye Tunda

Malalamiko kuhusu mtindi na vinywaji vilivyoandikwa "ladha ya asili" yameongezeka, na kwenye makundi ya WhatsApp yanasambaa madai kwamba ladha hizo "ni ukungu". Baadhi huzalishwa na kuvu (kundi lenye ukungu, hamira na uyoga), ni kweli. Hilo si siri wala si kosa.

Tuchukue ladha ya pichi. Hamira aina ya Yarrowia lipolytica hulishwa mafuta ya nyonyo. Asidi kuu ya mafuta hayo ina kaboni 18. Hamira huimega kaboni mbili mbili, mizunguko minne, hadi zibaki 10, kisha kipande hicho hujifunga kuwa pete. Hiyo ndiyo gama-dekalaktoni, kemikali ileile inayonukia kwenye pichi lililoiva. Ikichelewa kuvunwa, hamira huendelea kuila, kwa hiyo tangi hupimwa mara kwa mara. Vanilini, kemikali ya ladha ya vanila, nayo hupatikana kwa kupokezana: ukungu Aspergillus niger hugeuza asidi ya feruliki ya pumba kuwa asidi ya vaniliki, na uyoga Pycnoporus cinnabarinus humalizia. Baadaye kemikali hutenganishwa na kusafishwa. Hakuna anayenyweshwa uyoga.

Mwongozo wa 2008 wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, unaitambua njia hii kuwa ya asili, mradi malighafi imetoka kwa mimea au wanyama. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1334 ya mwaka huohuo inakubali pia, ila lebo ikitaja "ladha ya asili ya pichi", angalau asilimia 95 ya viambato vya ladha itoke kwenye pichi lenyewe. Someni lebo yote, si maandishi makubwa tu.

Mwenye shaka anayetaka kulalamika atunze chupa au pakiti yenyewe ikiwa na lebo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, pamoja na risiti. Asihamishie bidhaa kwenye chupa ya maji. Sampuli hiyo haipokelewi. Picha ya simu haitoshi. Mzalishaji akibainika kupotosha, anaweza kuamriwa kuondoa bidhaa sokoni kwa gharama zake na kusitishiwa kibali.

Haya yasichanganywe na ukungu wa nyumbani. Aspergillus flavus kwenye mahindi na karanga hutoa aflatoksini, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Kikomo cha Afrika Mashariki kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mtindi ulioota ukungu utupwe wote, usikwanguliwe juu.