Statini ni dawa gani, na inamfaa nani

Statini ni kundi la dawa zinazoshusha lehemu (kolesteroli) katika damu ili kukinga moyo na ubongo. Katika maduka ya dawa ya Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, hujulikana kwa majina kama atovastatini, simvastatini na rosuvastatini, na mara nyingi anayeandikiwa hana maumivu yoyote anayoyasikia. Ugumu wa dawa hizi unaanzia hapo. Mgonjwa wa malaria humeza dozi akaona homa inashuka, lakini anayemeza statini haoni badiliko lolote isipokuwa tarakimu kwenye karatasi ya maabara. Ndiyo maana wapo wanaoacha kidonge pakiti inapoisha, na wapo wanaoogopa hata kukianza.

Lehemu yenyewe si sumu. Mwili huihitaji kwa ajili ya kuta za seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini, hata kwa mtu asiyegusa nyama. Tatizo ni lehemu inayosafirishwa ndani ya chembe ziitwazo LDL, kwani zikizidi kwa miaka mingi hupenya kwenye kuta za ateri na kujenga utando mnene unaokua polepole bila dalili. Siku utando huo unapopasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia: ikitokea kwenye moyo ni shambulio la moyo, ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi. Statini huzuia kimeng'enya kinachotumiwa na ini kutengeneza lehemu, na ini likipungukiwa huongeza vipokezi vya kuinasa LDL iliyomo kwenye damu. Dozi ya kati hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 49, na dozi kubwa kwa asilimia 50 au zaidi.

Mwanzo wa dawa hizi ni kazi ya mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyegundua statini ya kwanza katika ukungu jamii ya Penicillium miaka ya 1970. Lovastatini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na mwaka 1994 yakatoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliowahusisha watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo: waliopewa simvastatini walikuwa na vifo pungufu kwa takribani asilimia 30 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja baadaye zimeonyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takribani moja ya tano. Asilimia hiyo husifiwa sana, lakini peke yake haimsaidii mtu kuamua. Tuchukue mfano wa mzee wa Ujiji mwenye kisukari na presha, anayevuta sigara, ambaye katika watu 100 wa hali yake, 30 wangetarajiwa kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka kumi. Tuseme statini inapunguza theluthi, basi kumi wameepushwa. Tumchukue na kijana mpakia mizigo wa Kibirizi, asiye na maradhi, ambaye katika watu 100 wa hali yake wangepata tatu tu. Theluthi ileile inamwepusha mmoja, na wengine 99 wamemeza vidonge kwa miaka kumi bila tofauti. Dawa ni moja, lakini faida inategemea ukubwa wa hatari aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuanza. Kwa hiyo daktari anayeuliza umri, sigara, sukari, presha na historia ya familia hapotezi muda. Majibu hayo yana uzito kuliko kipimo cha lehemu kikisomwa peke yake. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha kuziba mshipa, hahitaji hesabu ndefu: kwake faida ni kubwa na iko wazi.

Mkoani Kigoma, likitajwa neno lehemu, watu huyafikiria mawese. Si bila sababu, kwani karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yenye kuganda, nayo huongeza LDL kuliko mafuta ya alizeti. Kuyapunguza, kula migebuka na dagaa badala ya nyama yenye mafuta, na kuacha sigara ni hatua za maana kwa kila mtu. Hata hivyo, si haki kumwambia aliyepooza upande mmoja kwamba abadilishe tu mafuta ya kupikia, kwa sababu chakula peke yake kwa kawaida hakishushi LDL kwa kiwango anachokihitaji.

Kuhusu madhara, linaloogopwa zaidi ni maumivu ya misuli. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi walipewa, kwa miezi tofauti, vidonge vya statini, vidonge visivyo na dawa, na miezi mingine wasipewe chochote. Takribani asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata wakati wa statini waliyapata pia wakati wa vidonge visivyo na dawa. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Chanzo chake ndicho ambacho mara nyingi hakikuwa statini. Uharibifu halisi wa misuli upo, lakini ni nadra: watu 10,000 wakitibiwa kwa miaka mitano, hutarajiwa kuwapata watano hivi. Dalili zake ni maumivu makali, udhaifu, na wakati mwingine mkojo wa rangi ya kahawia nyeusi. Mkojo wa namna hiyo huonekana pia katika malaria kali, kwa hiyo mwenye nao asibaki nyumbani akibuni sababu; aende hospitali siku hiyohiyo.

Statini huongeza pia kidogo uwezekano wa kupata kisukari, hasa kwa dozi kubwa na kwa mtu ambaye sukari yake tayari ilikuwa inakaribia mpaka. Vipimo vya ini huweza kupanda kidogo, ingawa madhara makubwa ya ini ni nadra. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha kwa kawaida hapewi.

Jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha ni kugongana na dawa nyingine. Simvastatini haipaswi kuchanganywa na dawa za VVU zenye ritonaviri, wala na viuavijasumu kama erithromaisini na klarithromaisini, kwa sababu kiwango chake katika damu hupanda hadi kuhatarisha misuli. Juisi ya balungi nayo ina athari ya aina hiyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, ikapunguza nguvu ya statini. Anayehudhuria kliniki, iwe hospitali ya Maweni au kituo cha afya cha jirani, aende na vidonge vyote anavyotumia, na azitaje dawa za asili pia.

Simvastatini humezwa jioni, ilhali atovastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote. Lehemu hupimwa tena wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza, na dawa ikiachwa, LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Anayesumbuliwa na aina moja anaweza kubadilishiwa nyingine, kupunguziwa dozi, au kuongezewa dawa isiyo statini kama ezetimibi, mradi amweleze daktari kabla ya kuacha.