Matumbawe si jiwe, wala si mmea

Kutoka Mbeya hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Si ajabu, basi, kwamba wengi wetu huku Nyanda za Juu matumbawe tunayajua kwa picha za simu, au kwa lile pande jeupe ambalo mtu alirudi nalo kutoka Zanzibar akaliweka juu ya kabati la sebuleni. Pande hilo limepotosha wengi, maana ukilishika ni jiwe kabisa.

“Matumbawe ni mawe ya baharini.” Ulichoshika ni mifupa. Mwenye mifupa ni mnyama mdogo aitwaye polipu, jamaa wa konyeza, mwenye mdomo na minyiri inayowasha ya kukamatia vijidudu. Maelfu yao huishi pamoja, wakijenga chokaa chini yao tabaka juu ya tabaka. Mtu wa Songwe atauliza kama na chokaa yetu ilianzia baharini. Hapana: mawe ya chokaa ya Songwe yaliachwa na maji ya chemchemi za moto. Ni kalsiamu kaboneti vilevile, ila wajenzi ni tofauti.

“Ni mmea, ndiyo maana hauishi bila jua.” Anayesema hivi amekosea, lakini kosa lake lina akili. Mnyama huyo amebeba ndani ya seli zake mwani wa seli moja, zooksantela, na huo ndio unaohitaji mwanga. Sentimita 1 ya mraba ya tumbawe inaweza kubeba mwani milioni 1. Mwani hutengeneza sukari kwa jua na kumpa mwenyeji sehemu kubwa, kiasi kwamba kwa matumbawe mengi nguvu inayotoka humo inaweza kufikia asilimia 90 ya mahitaji. Chokaa nayo hujengwa haraka zaidi wakati wa mwanga. Watoto wa aina nyingi za matumbawe huanza maisha bila mwani. Huumeza kutoka majini, na badala ya kuusaga tumboni, huupa makazi.

“Basi mwani ni kimelea.” Ng’oa shina la maharage Mbozi utazame vinundu vya mizizini: bakteria waliomo humpa mharage nitrojeni, nao wanalishwa sukari. Kwa tumbawe ni mkataba wa namna hiyo: mwani hupata hifadhi, kaboni dayoksaidi na taka zenye nitrojeni. Hata hivyo tusiuite upendo. Maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huweza kujibakizia sukari huku ukiendelea kula kwa mwenyeji. Kwa hiyo aliyesema kimelea hakukosea siku zote.

Mwani unaolimwa Paje kwa kamba na vigingi ni jambo jingine kabisa. Huo unauona kwa macho. Huu hauuoni bila hadubini.

“Ziwa Nyasa nalo lina matumbawe, tumeyaona Matema.” Mliyoyaona ni mawe ya kawaida yenye samaki wa rangi wanaokwangua mwani juu yake. Joto la ziwa lingetosha, na maji ni maangavu. Kinachokosekana ni chumvi. Matumbawe yajengayo miamba hayaishi katika maji yasiyo na chumvi.

“Likiwa jeupe limekufa.” Bado. Nyuzi 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, kwa wiki kadhaa, inatosha kuuvuruga mwani: unaanza kutoa kemikali zinazoumiza seli, na uhusiano unavunjika. Mwani ukitoka, nyama iliyobaki ni angavu na mifupa inaonekana. Tumbawe lina njaa, lakini liko hai, na maji yakipoa mapema mwani hurudi. Yakichelewa, linakufa. Mvua za El Nino za 1997/98 wengi huku wanazikumbuka kwa barabara zilizokatika. Msimu huohuo, joto la bahari liliua matumbawe mengi Mafia na kwingineko Bahari ya Hindi. Upaukaji mkubwa ulirudi mwaka 2016, na tena 2024.

“Sisi wa milimani hatuhusiki.” Hapa nasita. Maji ya Mbarali huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na delta ya Rufiji inatazamana na Mafia. Tope likizidi baharini, mwani unakosa mwanga. Lakini kumbebesha mkulima wa vitunguu wa Mbarali lawama yote si haki: ardhioevu ya Ihefu na mabwawa ya Mtera, Kidatu na Julius Nyerere hunasa tope jingi njiani, na upaukaji mkubwa unaletwa na joto. Wa Kyela na Tukuyu hawamo kabisa katika kesi ya Rufiji. Mvua yao huingia Nyasa, hutoka kwa mto Shire, huungana na Zambezi, na kuikuta bahari Msumbiji.